Samaki Wasioliwa

Desemba iliyopita binti yangu alishuka kutoka Nairobi na ndoo yenye mfuniko, akaitua katikati ya sebule. Ndani mlikuwa na samaki saba. Wawili weupe wenye mabaka mekundu, mmoja wa rangi ya chungwa kavu, mmoja mweusi aliyenunia dunia, na wengine watatu ambao rangi zao hata kitenge hakina. "Tata, hawa wanaitwa koi. Umestaafu ualimu, sasa utulie ukiwatazama." Sijatulia tangu siku hiyo.

Ndoo ilifuatana na orodha ya mahitaji. Pampu, chujio, karatasi nzito ya kutandika kidimbwini, dawa ya kuondoa klorini, kipimo cha amonia, wavu, chakula cha vidonge vinavyoelea. Kwa miaka 30 na kitu nimewaona wazazi wakishika vichwa mbele ya orodha ya kidato cha kwanza, nami nikiwaambia wajipange. Hii ilipungukiwa na godoro na sanduku tu.

Nilianza na dawa ya klorini kwa kuwa ndiyo iliyonitisha zaidi. Sisi tunakaa karibu na Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinaugombania kama ng'ombe wa mahari, na ungedhani mji wa kaunti mbili una kila kitu mara mbili. Kijana wa agroveti alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwalimu, ng'ombe ana uzito gani?" Nikasema ni samaki. "Samaki wa kilo ngapi?" Nikasema ni wa kutazamwa. Akaniuzia dawa ya minyoo. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba maji yangu ni ya chemchemi, na chemchemi haijawahi kutiwa klorini tangu Mungu aifungue.

Kipimo cha amonia nilikidharau. Nilichimba, nikatandika karatasi, nikajaza maji, jioni ile ile nikamwaga samaki wote saba. Wiki ya pili wawili walielea. Afisa wa samaki alipopita alichutama, akaniangalia kwa huruma. Akanieleza kwamba kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu mpaka viini fulani vizaliane ndani ya chujio na kuibadilisha, kazi inayochukua wiki 4 hadi 6. "Mwalimu, umeingiza wapangaji kabla hujachimba choo." Lugha hiyo niliielewa.

Pampu nayo ni hadithi ya stima, na stima yetu ikiona wingu tu inakwenda zake. Huku mvua hainyeshi kwa bahati mbaya, inanyesha kila alasiri kama mtu anayeripoti kazini, siku nyingine na mawe yake ya kupasua majani chai. Ikipiga hivyo, udongo mwekundu unateremka mpaka kidimbwini na maji yanageuka chai ya maziwa. Mara nyingi samaki wangu wa rangi siwaoni kabisa. Nawaona midomo tu wakati wa kula, midomo mitano mviringo inayofunguka na kufumba kama kwaya iliyosahau maneno.

Usiku mmoja stima ilipotea na hewa majini ikapungua. Saa kumi alfajiri niliwakuta juu ya maji wakihema. Nikajifunga shuka, nikawa nachota maji kwa ndoo na kuyarudisha kutoka juu ili yaingie hewa, chota, mwaga, chota, mwaga, mpaka kulipopambazuka. Katika Gusii hii, mzee anayeonekana na shuka gizani akinong'ona juu ya maji anapaswa kuwa na maelezo mazuri. Mimi nilikuwa na "pampu imezima". Jirani yangu alinisalimu akiwa upande wa pili wa ua, na wiki nzima hakuukaribia upande wangu.

Jirani huyo ndiye kifaa ambacho orodha haikukitaja. Siku ya kwanza alisimama, akahesabu, akauliza wataliwa lini. Nikamwambia hawaliwi. Alinyamaza kwa muda unaotosha kuchuma kikapu cha majani chai.

Simlaumu sana. Vidimbwi anavijua. Mwaka wa fedha wa 2009/2010 serikali iliamua kufufua uchumi kwa samaki, vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, kila kimoja mita za mraba 300. Naye alichimbiwa. Ngege walikua polepole kwa sababu wao ni watu wa joto na baridi yetu ya milimani haiwafai, chakula kikawa ghali, na leo pale pameota nduma, nduma tamu kweli. Kwa hiyo akiona nimetoa kipande cha shamba, na mashamba ya huku unaweza kuyavuka ukiwa umeshika pumzi, nikampa samaki asiyeliwa, anaona nimelogwa.

Wavu niliununua soko la Daraja Mbili baada ya mdiria kugundua anwani yetu. Alikuwa akitua kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi zangu, akiinamisha kichwa kama mkaguzi wa shule. Siku alipoondoka na yule wa rangi ya chungwa, mke wangu aliniuliza kwa nini sikununua samaki wa kuchongwa kwa mawe kutoka Tabaka: hawahemi, hawaliwi na ndege, na ukichoka unamuuzia mtalii.

Wamebaki wanne, na baridi haiwasumbui. Binti yangu alinieleza kwa simu kwamba asili yao ni milima ya Niigata kule Japani, kwenye theluji. Wakulima wa mpunga walifuga samaki aina ya kapu wa kula wakati wa kipupwe, mapema karne ya 19 baadhi yao wakaanza kutoka na rangi, na mwaka 1914 wakapelekwa kwenye maonyesho Tokyo, ndipo dunia ikawashangaa.

Kosa langu ni kwamba nilimsimulia jirani. Alinifuata vizuri hadi neno "kula", akanisimamisha hapo. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, alikuja na mfuko wa nyanya, dania na ndimu mbili, akasema amepita tu kutusalimu. Nilimkaribisha chai. Alichukua kiti, akakigeuza kikaelekea kidimbwini.