Kikulacho: Mwongozo kwa Mdudu Mwenyewe

Wahenga walishamwonya mwenye nguo. Mdudu hakuna aliyemwandikia chochote, naye ana kazi ngumu: aingie nyumba ya watu wanaopendana, ale nao, acheke nao, kisha usiku awachongee kwa polisi. Kitabu cha kiada kipo, ingawa mwandishi wake alikusudia riwaya tu. Ni The Likeness ya Tana French, iliyotoka mwaka 2008, ya pili katika mfululizo wake wa makachero wa Dublin.

Anza kwa kutafuta maiti. Isiwe maiti ya hivi hivi. Iwe imefanana nawe kama shilingi kwa ya pili. Katika riwaya hii, mwanafunzi anakutwa amechomwa kisu ndani ya gofu la nyumba karibu na kijiji cha Glenskehy, nje ya Dublin. Sura ni ya kachero Cassie Maddox. Jina la marehemu ni Lexie Madison, jina ambalo Cassie na bosi wake Frank Mackey walilibuni wenyewe miaka ya nyuma, ili Cassie azamie chuo kikuu kunasa wauza dawa za kulevya. Ukiuliza hilo linawezekanaje, hufai kazi hii. Mimi niliuliza kurasa nyingi, kisha nikaacha, maana French ana adabu: anakuomba umeze uongo mmoja mkubwa, na baada ya hapo haombi tena.

Usirudi mzima kwa marafiki wa marehemu. Rudi mgonjwa. Wenzake Lexie wanaambiwa amenusurika, na hiyo ndiyo hila bora kuliko zote kitabuni. Mtu aliyetoka hospitali akinyamaza, ni maumivu. Akisahau, ni mshtuko. Akikataa chakula alichokipenda, ni dawa. Tena jeraha la uongo linahitaji bendeji ya kweli, na kipaza sauti kikikaa chini ya bendeji, nani atathubutu kukukumbatia kwa nguvu akigundue?

Hata hivyo, soma. Cassie anakaa na video zilizokutwa kwenye simu ya marehemu, akizirudia mpaka aujue mwendo wake na kicheko chake. Marafiki wa karibu hawakujui kwa cheti cha kuzaliwa. Wanakujua kwa kikombe unachokichukua bila kuangalia, kwa namna unavyosukuma mlango kwa kiwiko, kwa vitunguu unavyovitenga pembeni ya sahani. Unaweza kukariri jina la shule yake ya msingi na la mwalimu wake wa hesabu, ukaja kuumbuliwa na kijiko cha pili cha sukari. French alisomea uigizaji Trinity College, Dublin, na inaonekana: kwake kuigiza mtu huanzia mikononi, maneno huja baadaye.

Chagua pia marafiki wanaofaa kudanganywa. Hawa wa riwayani wanasomea shahada za juu za fasihi hapohapo Trinity na wanaishi pamoja Whitethorn House, jumba kuukuu alilorithi mmoja wao, Daniel. Wanapika pamoja, wanakwangua kuta pamoja, jioni wanacheza karata. Wana sharti moja: hakuna kuulizana ya zamani. Kwa kachero hiyo ni pepo. Ila usijaribu kwa shangazi zangu. Chai haijamiminwa utakuwa umeshaulizwa wewe ni wa nani, wa wapi, na bibi yako mzaa mama alizikwa wapi, na mmoja wao atakuwa alihudhuria mazishi hayo.

Sasa sehemu ambayo wakufunzi huipitia harakaharaka. Kudanganya ni kazi ya wiki ya kwanza. Wiki zinazofuata tatizo ni kwamba unaanza kuwapenda kweli. Cassie hana familia ya kumngoja. Amefika penye meza iliyoandaliwa, na kiti chake kipo. Usiku anatoka kutembea, kama alivyozoea marehemu, na hukohuko gizani anampigia Frank simu kutoa ripoti. Pima ripoti zako. Siku utakayoacha kijambo kimoja kwa kuwa "hakihusiani na kesi", jua umeshahamia.

Wasiopenda riwaya wasidhani haya ni ya kubuni tu. Joseph Pistone wa FBI alizamia mafia wa New York tangu 1976 hadi 1981 kwa jina la Donnie Brasco. Alifaulu mno: bosi mmoja, Dominick Napolitano, alimdhamini mbele ya wakubwa. Pistone alipotolewa, aliyelipa ni mdhamini. Aliuawa mwaka huohuo wa 1981, na maiti yake ilipopatikana mwaka uliofuata, mikono ilikuwa imekatwa. Uingereza nako, polisi Mark Kennedy aliishi na wanaharakati wa mazingira tangu 2003 akijiita Mark Stone, akawa na mpenzi miongoni mwao huku ana mke na watoto kwingine. Miaka yote hiyo aliipita salama. Mwaka 2010, wakiwa likizo Italia, mpenzi aliona pasipoti yenye jina la kweli. Kwa hiyo ushauri wa kiufundi: pasipoti iache nyumbani. Nyumbani kwako kule kwingine, kama bado unakumbuka ni wapi.

Na dalili za hatari ni hizi. Umechagua rangi ya ukuta wa sebule. Umeanza kusema "kwetu". Bosi akipiga, unakasirika kwamba amekatiza mazungumzo. Ukiziona zote tatu, piga simu usiku huohuo uombe kutolewa. Ukijikuta unatafuta sababu ya kutopiga, basi rudi ndani ukaoshe vyombo, maana leo ni zamu yako na wenzako wameshaanza kulalamika.