Jinsi ya Kulitoa Kanisa Nje ya Geti

Hongera, Mchungaji. Jumapili ulisimama ukatangaza kwamba mwaka huu kanisa litaacha kujitazama lenyewe, litoke likahudumie mtaa. Waumini wakaitikia amina mara tatu, ingawa ile ya tatu ilikuwa kikohozi cha mweka hazina. Fuata maelekezo haya na utafika salama hadi Machi.

Kwanza, unda kamati. Usithubutu kuvuka geti bila kamati. Iwe na mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina na mwombezi. Kikao cha kwanza kitapitisha jina la huduma, cha pili rangi ya fulana. Atatokea mtu mmoja aulize kama wahitaji wenyewe wameulizwa wanataka nini. Mshukuru, kisha mwombe afunge kikao kwa sala. Angalia tu asipewe ukatibu, maana ataliandika swali lake.

Pili, chagua wahitaji, na hapa ndipo wengi huteleza. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na wahitaji hawapungui, ila si wote wanaofaa. Yatima anafaa. Mjane anafaa, hasa akiwa na watoto wadogo. Kijana wa mtaa wa Kaptembwo aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi hafai kabisa: huyo atataka kuona hesabu. Wanaookota plastiki na vyuma kwenye jalala la Gioto wanafaa kupita wote, kwa kuwa basi linafika na ule moshi wa nyuma hupendeza kwenye picha. Nenda Desemba, mara moja. Ukirudi Februari utawakuta na njaa tena, na hilo litawavunja moyo waliotoa Desemba.

Tatu, mgao wenyewe. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, kipande cha sabuni. Mpokeaji ashike pakiti kwa mikono miwili, na mtoaji naye asiiachie mpaka mpiga picha aridhike. Nimewahi kumwona bibi mmoja na mzee wa kanisa wakishikilia pakiti moja ya unga kwa picha saba. Ya kwanza iliharibiwa na jua, ya tatu mama mchungaji alifumba macho, ya nne kofia ya bibi ilifunika jina la kanisa. Kufikia ya tano bibi alikuwa ameshaielewa kazi, akawa anatabasamu kabla ya kuambiwa. Ya saba ndiyo iliyotundikwa ukutani ofisini. Usimuulize jina lake. Ukilijua, siku mtakapokutana soko la Wakulima itabidi umsalimie.

Nne, ficha mifano mibaya. Kuna watu katika eneo hili waliowahi kulifanya jambo hili bila adabu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima hivyo havijali, na meno ya watoto yanageuka kahawia. Sasa, Jimbo Katoliki la Nakuru lilifanya nini? Lilichukua mifupa ya ng'ombe, likaichoma kwenye tanuri, likaisaga, likachujia maji kwa mkaa wake. Wakanywa Wakatoliki, wakanywa na wasiojua hata ishara ya msalaba. Mifupa, Mchungaji! Niambie ni bango gani litakalopendeza likiwa na mfupa. Jimbo hilohilo, wakati wa ghasia za kikabila za 1992, lilikuwa na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyewasema wazi wakubwa huku viwanja vya makanisa vikijaa waliochomewa nyumba. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vikajaa tena. Watu waliingia na magodoro na kuku kabla mtu hajapendekeza rangi ya fulana. Mambo haya yakisomwa kikaoni, mtu atauliza mbona choo cha kanisa letu hufungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu.

Tano, mheshimiwa. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwafungia wanasiasa mimbari, na 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mamilioni ya Rais. Wapongeze wote wawili kwenye mahubiri. Mheshimiwa wako mkalishe hemani, si madhabahuni, na bahasha ipokewe na mtu asiyevaa kola. Usiihesabu mbele yake, kwa maana atakuwa ameshaihesabu kwenye kipaza sauti.

Sita, siku ya safari. Basi litashindwa kutoka. Nje ya geti, pale pale kila siku, yuko mama anayechoma mahindi, na jiko lake limekaa njiani. Ni yule ambaye soja humfukuza kila Jumapili moshi usiwaharibie wanakwaya sauti. Kamati haimfahamu, kwa kuwa ramani ya huduma inaanzia Gioto. Mwambie asogee, na aharakishe, unga unangojewa. Akishasogea, nunueni kwake mahindi ya njiani, ila mwombe awapunguzie kidogo, kwa kuwa mnaenda kazi ya Bwana.