Sifa za Gari Lililogoma

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kikombe cha kahawa kina washairi wake. Ila gari kuukuu lililonyamaza uani Jumatatu asubuhi, mwenyewe amekwisha kuvaa shati la kazini, hilo halijapata wa kulitetea. Leo naibeba kesi hiyo mimi, kwa niaba ya Hilux yangu ya mwaka 1986, mkazi wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ambayo wiki iliyopita iligoma siku tatu mfululizo.

Tuanze na nasaba, maana mtu husifiwa kwanza kwa wazee wake. Kukwama, katika nchi hii ya Unyanyembe, ni jambo la heshima na la kale. Wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, waliingia Kazeh, kwenye Tabora yetu hii, Novemba 1857. Wapagazi wao wa Kinyamwezi wakatua mizigo, wakaaga, wakaenda zao. Walikuwa wamefika kwao, wabebe nini tena? Wageni wale wakakaa zaidi ya mwezi wakitafuta mabega mengine. Livingstone naye aliachwa na Stanley pale Kwihara Machi 1872, akasubiri wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Miezi mitano! Leo watu hulipa kiingilio kwenda kuona tembe aliyosubiri ndani yake. Hilux yangu imesubirisha mtu siku tatu tu, na sikuona mtalii hata mmoja.

Sifa ya pili ni unyofu wake. Lipo gari la kinafiki. Linawaka asubuhi kwa mguno mtamu, linakupeleka mpaka katikati ya miombo ambako jirani yako wa karibu ni mzinga wa nyuki, ndipo linakumbuka kwamba linaumwa. Hilux haina tabia hiyo. Ikiwa na neno, hulisema nyumbani, karibu na chai.

Na hulisema waziwazi, tatizo ni masikio yetu. Siku ya kwanza nilizungusha ufunguo, ikajibu “tok”. Moja tu. Mimi, kwa elimu yangu yote, nikaamua hapohapo kwamba betri imekufa. Nikaenda Tabora kwa basi dogo, nikarudi na betri mpya nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikaifunga. Tok. Siku ya pili nikahukumu kwamba basi ni stata. Ikafunguliwa, ikabadilishwa brashi, ikapakwa grisi, ikarudishwa. Tok.

Siku ya tatu alipita mzee mmoja, fundi aliyestaafu, anaenda zake shambani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Inasemaje?”

Si “ina nini”. Inasemaje. Nikamweleza betri, nikamweleza stata, nikamweleza na fedha zilizoondoka. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Umeijibu sana. Sasa iulize.”

Akaniambia niwashe taa kubwa. Zikawaka vizuri. Akasema sasa piga stata huku ukiziangalia. Tok, na taa zikazimika kabisa, nilipoachia ufunguo zikarudi. “Zingebaki na nguvu vilevile,” akasema, “ningeshuku stata au waya wake mdogo. Kama injini ingezunguka bila kuwaka, ningefungua plagi: ikiwa kavu, mafuta hayafiki, ikiwa imelowa, naigusisha kwenye bodi ya injini nitazame cheche. Lakini hii haijafika huko. Hii umeme wake unafia njiani.”

Akaomba mita. Betri ilisoma volti 12.6, yaani imeshiba. Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona: ncha moja ya mita akaiweka juu ya nguzo yenyewe ya risasi upande wa hasi, ncha ya pili kwenye temino iliyoikumbatia. Vitu viwili vilivyogusana, kama kidole na pete. Akaniambia nipige stata. Mahali ambapo mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri, ikaruka hadi 11. Umeme wote ulikuwa unafika kwenye pete na kukataa kuvuka kwenda kidoleni. Betri niliibadilisha, lakini temino ilikuwa ileile ya zamani, na ndani yake kutu imejipaka kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Taa, ambazo zinahitaji umeme kidogo, zilipenya. Stata, ambayo hunywa kwa pipa, ikakosa.

Dawa ilikuwa maji ya moto yenye magadi, kipande cha msasa, na sapana namba 10. Dakika saba.

Sasa niambieni, ni mwalimu gani mwingine angekubali kuadhibiwa siku tatu kwa makosa ya mwanafunzi bila kubadilisha somo? Hilux ilirudia neno lilelile, tok, kwa uvumilivu, huku mimi nikiinunulia majibu ya maswali ambayo haikuyauliza.

Sifa ya mwisho ni ya ujirani. Gari linalowaka hupita watu likiwaachia vumbi. Gari lililogoma huwaita. Katika siku zile tatu nilisukumwa na vijana wa bodaboda, mwalimu wa hesabu na muuza mihogo aliyeweka beseni lake chini kwanza. Tulijaribu gia ya pili, klachi ikaachiwa, na mara mbili injini ilishika kweli, tukashangilia kama timu imefunga. Mwenye gari la otomatiki hana bahati hiyo: lake halisukumwi likawaka, kwa hiyo hukaa ndani peke yake, amefunga vioo, anapiga simu.

Tangu siku ile Hilux inawaka kwa mzunguko wa kwanza. Naondoka mapema, nafika mapema, wala hakuna anayeniuliza habari. Juzi yule muuza mihogo alinipungia mkono kwa mbali, akapaza sauti, “Imepona?” Nikamjibu imepona. Akatikisa kichwa kidogo, akaendelea na beseni lake.

Sapana namba 10 bado ninayo mfukoni. Na kila nikiinama kufunga boneti huiombea dua moja fupi: siku utakapokuwa na neno, mama, liseme hapa hapa uani, nami safari hii nitauliza kabla ya kujibu.