Tano Sambamba

Kalamu nyekundu ya mwalimu wangu wa nadharia ya muziki inaishia kwangu. Zoezi ni lile lile kila wiki: unapewa sauti ya soprano, uijazie tatu za chini kwa mtindo wa Bach. Nikaweka besi do, tenor so. Nota inayofuata, besi re, tenor la. Tamu kabisa! Nimeimba besi kwaya ya usharika tangu nywele zikiwa nyeusi, najua kitu kitamu. Kumbe ni haramu. Sauti mbili zilizopishana kwa tano haziruhusiwi kusogea pamoja zikabaki zimepishana kwa tano. Eti tano sambamba. Duara jekundu, alama chini.

Haya, sheria ni sheria. Ila baada ya chai ya saa nne kijana huyu huyu, rika la kitinda mimba wangu, anageuka mwalimu wa historia, na hapo ndipo presha yangu inapopanda. Anatueleza, tena kwa bashasha, kwamba karne ya 9 kanisani Ulaya waliimba kwa tano sambamba, na kitabu cha kuwafundishia kikaandikwa, Musica enchiriadis. Wao hawakuchorewa duara. Ukweni kwangu, Dodoma vijijini, Wagogo wanaimba kwa nne na tano sambamba hadi leo. Mama mkwe akianzisha, majirani wakidaka, vinyweleo vinasimama. Nani aende akamkate alama?

Na huyo Bach mwenyewe! Mwaka 1705, akiwa na miaka 20, aliomba ruhusa ya wiki nne kwa waajiri wake wa kanisa la Arnstadt, akaenda kwa miguu hadi Lübeck, kilomita kama 400, kumsikiliza Buxtehude akipiga kinanda. Alirudi baada ya miezi kama minne. Wazee walipomweka kitimoto wakamwongezea shtaka: anapopiga nyimbo za ibada anachomeka nota za ajabu mpaka waumini wanapotea. Kwetu angekuwa ameshapewa barua. Leo mtoro huyo ndiye napimwa naye mimi, nisiyekosa mazoezi ya Alhamisi hata nikiwa na malaria.

Wiki iliyopita nilikwenda nimejiandaa. Debussy, nikamwambia, mwaka 1910 alichapisha kipande cha piano kuhusu kanisa kuu lililozama baharini, kimejaa tano sambamba, na ninyi mnamwita gwiji.

“Mzee wangu,” akajibu kwa upole ule unaoudhi, “Debussy aliingia Konsavatori ya Paris ana miaka 10. Mwaka 1884 akashinda Prix de Rome. Kuvunja sheria kulifuata baadaye. Wewe zoezi la tatu bado hujaleta.”

Shikamoo aliniamkia vizuri tu, sina neno. Alama mbili akakata vilevile, na ya tatu kwa ajili ya mwandiko.