Mayai ya Uvunguni

Harufu ilitokea upande wa jikoni, au ndivyo tulivyoamini. Baba watoto akasema ni panya kafia darini. Mama mkwe, aliyetoka Muheza kuja kupumzika na hajapumzika tangu ashuke basi, akasema ni chemba. Kwa kuwa neno lake nyumbani kwetu halina rufaa, akaitwa fundi bomba. Fundi akafunua chemba, akainama, akanusa, akatikisa kichwa, akasema bomba lote la nyuma lifumuliwe. Akapokea kianzio, akatuachia shimo mlangoni, nusu mfuko wa saruji na ahadi ya kurudi Jumatatu. Jumatatu ya mwezi gani, hakutaja.

Saruji ikatoweka. Mayai nayo yalikuwa yakitoweka, ila hayo tulimsingizia paka wa jirani, na maneno yalishavuka ukuta.

Sisimizi ndio waliosema kweli. Msafara wao ulipita chini ya mlango wa chumba cha kijana wetu wa darasa la saba, ukazama uvunguni. Mama mkwe akapiga magoti na tochi ya simu, akaanza kuvuta kimoja kimoja: chuma cha kunyanyua, yaani kipande cha bomba chenye kopo la rangi kila ncha, yote mawili yamejazwa saruji ya fundi, mfuko wa karanga, chapati zilizoota ukungu, na trei ya mayai mabichi, mengine yamepasuka zamani na kukauka.

"Mume wangu," akasema, maana kwake mjukuu wa kiume ni mume, "umeoa mke wa pili hukuniambia? Chakula chote hiki cha nani?"

"Changu, Bibi. Nataka kunenepa."

Shuleni wanamwita Kimbaumbau. Msichana anayekaa naye dawati moja amempita kwa kichwa kizima. Ni kawaida kwa umri huo, wasichana hutangulia kurefuka kwa kama miaka miwili, lakini nani alimweleza? Rafiki zake wanaangalia video za vijana waliotunisha vifua, wanaomeza mayai mabichi asubuhi. Hayo yote angeyavumilia. Kilichommaliza ni yule kijana wa stendi mwenye mashine ya kupima uzito na urefu. Unapanda, unalipa, kisha sauti ya kike inatangaza hali yako kwenye spika, stendi nzima isikie. Yeye alitangaziwa uzito pungufu, wenzake wakiwa wamesimama pale pale.

Wifi yangu ni muuguzi. Alikuja na mzani na futi ya kitambaa, akagawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 17 na ushee.

"Mashine ile inajua watu wazima tu," akasema. "Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni kukonda. Mvulana wa miaka 12 anapimwa kwa chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, za umri wa miaka 5 hadi 19, na hapo katikati ni kama 17.5. Wifi, mtoto yuko sawa kabisa. Kwa mashine ile, darasa zima lina utapiamlo."

Akaongeza kuwa yai lililopikwa mwili hulifaidi kuliko bichi, na kwamba bichi linaweza kumharisha mtu. Kijana akaangalia chini. Inaelekea kwenye hilo la pili alikuwa na ushahidi wake.

Angekuwa msichana anayesukuma sahani, tungeshtuka mapema. Mvulana akiomba kuongezewa ugali mara ya tatu, nyumba nzima inashangilia, na mama mkwe alikuwa ndiye kiongozi wa mashabiki.

Jumamosi alivaa baibui, akamshika mjukuu mkono, wakaenda stendi. Alipanda kwenye mashine na mkoba wake begani. Spika ikatangaza kuwa uzito umezidi sana, apunguze vyakula vya mafuta. Akashuka taratibu.

"Mwanangu," akamuuliza kijana, "mashine yako imelelewa na nani?"

"Bibi, ni kompyuta tu."

"Basi ikalipwe na kompyuta mwenzake."

Akanyoosha njia kuelekea kwa muuza mihogo, na mjukuu akabaki nyuma akihesabu sarafu zake za karanga ili amlipie.