Dereva Anatafutwa

Kompyuta niliinunua Kariakoo, mtumba kutoka Ujerumani, na muuzaji akanipa dhamana ya mdomo: "Kaka, hii ni chuma. Na diski ya zamani nimeitoa, nimekuwekea SSD." Kuhusu chuma hakudanganya. Nilipofika nayo kituo cha mwendokasi cha Gerezani bega lilikuwa limeshaanza kulalamika, na tuliposhuka Kimara nilikuwa natembea nimelalia upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya.

Ilikuwa inafanya kazi. Hilo naliweka wazi mapema kwa sababu mke wangu hulisema kila hadithi hii inaposimuliwa. Iliwaka, ilishika mtandao, ilitoa sauti. Kasoro yake moja tu: kila kitu kilikuwa kwa Kijerumani. Nikitaka kuizima, inaniuliza swali lenye neno moja refu kama treni ya mizigo, nami najibu kwa kubahatisha. Siku ya tatu nikasema basi. Nikaazima flashi kwa jirani, nikapiga windo upya mwenyewe, na hela ya fundi nikaibakiza mfukoni huku najisifu.

Dakika arobaini baadaye Kijerumani kilikuwa kimefutika, na pamoja nacho vilifutika vitu ambavyo sikujua kama vilikuwapo. Maandishi yalinenepa kama ya ule ubao wa kupimia macho. Sauti, hakuna. Alama ya waifai, hakuna. Mahali pake palikuwa patupu kama hapajawahi kuwa na kitu. Nikafungua Divaisi Meneja, ile orodha ya viungo vyote vya kompyuta, nikakuta pembetatu saba za njano, kila moja ina alama ya mshangao tumboni. Sita zilikuwa na majina angalau, kidhibiti cha hiki, kidhibiti cha kile. Ya saba ilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, na maana yake ni "kifaa kisichojulikana".

Kimo ndani ya kompyuta yangu, kinakula umeme wangu wa luku, na hakijulikani. Hata panya wa darini kwetu tunamjua, watoto wamempa na jina.

Jambo lenyewe, kwa asiyewahi kupatwa nalo, ni hivi. Windows haijui kuzungumza na kila kidude duniani. Kila kidude kina lugha yake, na mtengenezaji hutoa programu ndogo ya kusimama katikati. Hiyo ndiyo draiva. Wengine huandika kiendeshi, mafundi wengi husema dereva tu. Mimi naona jina limekosewa tangu huko lilikotoka, maana haendeshi chochote. Ni mkalimani. Mkalimani asipofika kikaoni, wazee wawili wenye akili timamu watakaa wanatazamana mpaka jua lizame, na ndivyo Windows na waifai yangu walivyokuwa wanatazamana.

Ila siku ile nilitumia neno la mafundi. Nilimpigia mke wangu kazini, nimesimama sebuleni, nikamwambia: "Mzigo wa Ujerumani ni mzima kabisa, tatizo dereva hayupo. Nikipata dereva leo, leo leo unatembea." Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa kikao cha ukoo, alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. Hakusema kitu. Na mimi sikumtazama.

Kikao hicho ndicho kilichonitia haraka. Mimi ni katibu wa ukoo, cheo nilichopewa kwa sababu namiliki kompyuta, na nilikuwa na muhtasari wa kuandika na kutuma kwa ndugu wote: habari ya nyumba ya marehemu babu kule Muheza. Kuandika niliweza. Lakini kibodi ilikuwa bado ya Kijerumani kwa sura, na Wajerumani wamewabadilishia Z na Y makazi, wakati Windows yangu mpya ilidhani inatumiwa na Mmarekani. Mimi ni wa kutafuta herufi kwa macho. Nikibonyeza palipochorwa Y, inatoka Z. Kwa lugha nyingine hilo ni kosa la tahajia tu. Kwa Kiswahili ni suala la mirathi. "Nyumba ya marehemu babu" ikawa "nzumba za marehemu babu", na babu, aliyekufa akiwa na vyumba vinne na mnazi, akageuka mwenye majengo. Nilirudi nyuma nikasahihisha moja moja.

Sasa kutuma. Nilihitaji intaneti, na ili nipate intaneti nilihitaji draiva ya waifai, na draiva ya waifai iko kwenye intaneti. Nilikaa nikaitafakari hali hiyo kwa muda. Ni sawa na kufungia funguo ndani ya nyumba, halafu fundi wa makufuli naye yumo humo humo, amelala.

Nikachukua flashi nikaenda stesheneri ya mtaani kwetu, kompyuta tatu na mashine ya fotokopi. Nikaandika jina la kompyuta yangu na neno draiva. Sijui nani alianzisha mila hii, lakini kurasa za aina hiyo huwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa pakua, na kikubwa kingine chini yake, na cha tatu pembeni kinachomweta, na vyote vitatu ni matangazo. Cha kweli ni maandishi madogo ya kijivu kule chini, yamejificha kama mdaiwa. Mimi nilibonyeza kijani. Nilichorudi nacho nyumbani kilikuwa programu iliyoikagua kompyuta kwa mbwembwe, mistari ikikimbia, kisha ikanitangazia kwamba ina matatizo 31 na iko tayari kuyatatua kwa dola. Mimi nilikuwa nimehesabu saba.

Safari ya pili nilikuwa mjanja. Nilikwenda kwa mtengenezaji mwenyewe, nikaikuta draiva, na ilikuwa katika mafaili mawili: moja x64, lingine x86. Hapakuwa na wa kumuuliza. Nikafikiri kwa akili yangu ya darasani, 86 ni kubwa kuliko 64, nikachukua 86. Kumbe x86 hapo ndiyo ya biti 32, ya mifumo ya zamani, na windo yangu ilikuwa ya biti 64. Ilipoona faili langu ilikataa kwa adabu. Jina lenyewe ni la ukoo wa prosesa ya Intel iliyotoka mwaka 1978, iliyoitwa 8086. Ukoo umeendelea, jina limebaki, na mimi nimelipa nauli ya bodaboda mara mbili kwa ajili ya prosesa ya 1978.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Kijana, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kuhusu ile kazi."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Ya udereva. Mama alisema mna mzigo umetoka Ujerumani, mzima kabisa, dereva tu ndiyo hamna." Akatoa leseni, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kwa sasa naendesha bajaji, lakini magari makubwa nayaweza. Ni la aina gani?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ametulia na kikombe chake cha chai, uso wa mtu aliyemaliza tatizo ambalo wasomi wamelishindwa kwa siku tatu. "Nimempata hapo kituoni," akasema. "Kijana mstaarabu. Anaendesha polepole."

Ilibidi nimpeleke mezani nikamwonyeshe gari la Ujerumani. Alilitazama kwa muda, na naapa hakucheka. Akavuta kiti. Kumbe kabla ya bajaji alikuwa ameshika duka la stesheneri mwaka mzima.

"Kaka, simu yako ina bando?"

"Lipo."

"Na waya wa kuchajia?"

Akachomeka simu kwenye kompyuta kwa ule waya, akaingia kwenye mipangilio ya simu, akawasha kipengele cha kugawa intaneti kwa njia ya USB. Windows ikatafakari kidogo, kisha pale kwenye pembe pakatokea alama ya mtandao. Draiva ya namna hiyo huja na Windows yenyewe, haidai kutafutwa. Nilikuwa na simu hiyo mfukoni safari zote mbili za stesheneri. Kijana alikataa hela, nikamwambia ya mafuta, akakubali. Shangazi akamwekea chapati mbili kwenye karatasi.

Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya draiva yoyote, ni kurusha muhtasari kwenye kundi la ukoo. La pili, nikairuhusu Windows ijitafutie madereva wake. Ilifanya hivyo kwa bidii, na ilipoona njia iko wazi ikaamua kushusha na masasisho yake yote ya miaka, bila kuniuliza, mpaka bando la wiki likakata saa tano na nusu. Nikaongeza jingine. Hata hivyo haki yake nampa: pembetatu sita ziliondoka, waifai ikarudi, spika zikatoa mlio. Kuchomeka kitu kikajulikana chenyewe ni ahadi ambayo Windows iliitoa tangu ile ya 95, na watu wa fani wakaigeuza mapema kuwa "chomeka uombe Mungu". Hawakuonea. Aprili 1998, Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kuionyesha Windows 98. Msaidizi wake akachomeka skana mbele ya umati, na skrini nzima ikageuka buluu. Gates akasema hiyo lazima ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Nami huwa najifariji kwa hilo, kwamba yeye alikuwa na kampuni nzima nyuma yake.

Ikabaki ile ya saba, kisichojulikana.

Mtu mwenye busara angeiacha. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Lakini pembetatu moja ya njano kwenye orodha safi ni kama punje ya mchanga kwenye wali. Nikajifunza kuwa kifaa hata kisipokuwa na jina kina namba, kama sisi na kitambulisho cha taifa. Unabonyeza kitufe cha kulia, unaingia kwenye sifa zake, na kule ndani kuna mstari wa herufi na tarakimu. Kwa vifaa vingi namba nne za kwanza zinamtaja mtengenezaji na nne zinazofuata zinataja kifaa. Nilipitia na vile sita vilivyokwisha kupona, kwa raha tu: 10EC ni Realtek, na 8086 ni Intel wenyewe, walioifanya ile prosesa ya 1978 kuwa namba yao ya utambulisho. Nilijisikia nimekutana na mtu aliyewahi kuniibia.

Namba ya kile cha saba haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa na herufi tatu za kampuni iliyoiunda kompyuta, kisha tarakimu nne. Nikaisaka usiku wa Jumamosi, na usiku wa Jumapili mpaka mwadhini wa alfajiri, nikapata draiva halisi, ya biti 64 safari hii. Nikaiweka. Pembetatu ikatoweka. Orodha ikawa nyeupe kama kanzu ya Idi.

Asubuhi Shangazi akanikuta bado nimekaa pale, macho mekundu.

"Huyo wa mwisho amepatikana?"

"Amepatikana, shangazi."

"Kazi yake nini?"

Nilikuwa nimeshaisoma. Ni kihisio cha kuanguka. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, nyingi za kompyuta ndogo mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake karibu mno. Kompyuta ikiponyoka mezani, kihisio hutoa taarifa ili kichwa kiondolewe juu ya sahani kabla ya kufika sakafuni.

"Anaangalia kama kompyuta inaanguka."

"Ikianguka anaidaka?"

"Hapana. Anaipa habari diski, ijihadhari."

"Na hiyo diski iko wapi?"

Nikamweleza kwamba diski yenyewe ilitolewa Kariakoo, na iliyopo sasa haina sahani wala kichwa, hata ukiidondosha haina cha kuhadhari. Shangazi akajifunga kanga yake vizuri, akakaa. Alinitazama kama anavyowatazama watoto wenye homa.

"Mwanangu," akasema, "ndugu zako wa Muheza wamenipigia tangu saa kumi na mbili. Wanauliza nyumba nyingine za babu ziko wapi."