Mita Hamsini Ndani ya Miwa

"Mshikeni huyo, anatoroka na pesa zetu!"

Sauti ilikuwa ya dani, nyanya wa boma, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno. Mtoro alikuwa mimi. Nilikuwa nikirudi kinyumenyume kuelekea shamba la miwa, kamera usoni, mkono mmoja nikiupunga kuwaomba watu 24 waliojipanga kando ya jeneza wasogeleane. Hiyo ni Jumamosi iliyopita, kilomita chache kutoka Rongo, na masikio yangu bado yana moto.

Sikuwa natoroka. Nilikuwa natafuta nafasi. Lakini utamwelezaje mama anayemzika mwanawe kwamba picha ya familia inahitaji mita hamsini?

Chanzo ni telekonveta. Ni kijipande cheusi, unene wake kama kopo la mafuta ya kujipaka, kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Nilikinunua mtumba Nairobi kwa Sh18,000, pesa ambazo mke wangu anaamini bado ziko kwenye chama. Ndani yake mna vioo vichache vyenye kazi moja ya ajabu. Miale ya mwanga inatoka kwenye lenzi ikielekea kukutana. Vioo hivi vinaizuia kidogo, vinaitanua, ikutane mbele zaidi, na taswira inaifikia kamera ikiwa imevimba. Ujuzi huu una umri mkubwa: lenzi ya namna hii kwenye darubini inaitwa kwa jina la Peter Barlow, Mwingereza wa hesabu wa miaka ya 1830. Nikiwaza kwamba bwana yule alikuwa akitazama nyota nami natazama maiki chini ya hema, ninamwonea haya.

Yangu ni ya mara mbili. Lenzi yangu ya milimita 70 hadi 200 inageuka kuwa ya 140 hadi 400, bila kuongeza zaidi ya uzito wa mkebe wa majani chai. Utasema ni muujiza. Basi ngoja ujue anayelipa. Chukua donge la chapati. Lisukume mpaka upana wake uwe maradufu: eneo limekuwa mara nne, na unene umebaki robo. Mwanga ni unga ule ule. Hakuna aliyekuongezea. Lenzi yangu iliyokuwa ikifunguka hadi f/4 sasa ni ya f/8, na kamera yangu ya zamani ikifika hapo haijilengi tena yenyewe. Inakaa kimya kama karani saa saba mchana, nawe unazungusha pete kwa vidole huku ukikisia. Mtetemo wa mkono unakuzwa nao. Kasoro ya lenzi uliyoisamehe miaka mitano inakuzwa nayo. Na jambo ambalo muuzaji hakulisema: kifaa hiki hakikusogezi hata hatua moja. Vumbi, moshi wa jikoni na joto linalotetemeka kati yako na mtu, vyote viko pale pale.

Mtu mwenye akili angeuliza mpiga picha wa matanga anataka nini na lenzi ya mtazama ndege. Jibu ni kamba.

Kamba hiyo huja na mheshimiwa. Boma limelala na msiba wiki mbili, majirani wamepasua kuni, wanawake wamekesha, mimi nimeitwa na jakom, mwenyekiti wa kamati, na nusu ya malipo nimeshikishwa. Kisha saa sita magari yanaingia, vijana wa usalama wanashuka, na wenye msiba wanageuka wageni kwao. Jumamosi kamba ilisogezwa mara tatu. Kila ilipohamishwa nilihesabu hatua, na kila mara nilishukuru kwamba nina telekonveta, kama mtu anayenunua ndoo kubwa badala ya kuziba paa.

Ndani ya kamba walibaki wapiga picha wake, watatu, wenye viatu safi. Jioni niliziona picha zao kwenye simu ya mtu. Mheshimiwa anasalimia. Mheshimiwa anatoa bahasha. Mheshimiwa ameinamisha kichwa. Jeneza halimo hata katika moja. Marehemu alikuwa amekatwa pembeni kama mguu wa meza. Hapo sina utani wa kutia.

Zangu je? Chini ya hema lile, kwa f/8, kwa mkono na kwa kukisia, nilipiga 63. Mheshimiwa ametoka kama doa la chai kwenye shati. Kitu kimoja tu kimetoka kikali, unywele kwa unywele: sikio la askari aliyesimama kati yetu.

Magari yakaondoka, kamba ikakunjwa, na jakom akatangaza picha za familia. Hapo sasa ndipo kazi yangu ilipo. Mheshimiwa atapigwa picha na kesho, lakini hawa watu 24 hawatasimama tena pamoja na ndugu yao. Nikashika kitufe nitoe telekonveta, niweke lenzi yangu ndogo. Kitufe kikazama, hakikurudi. Nikazungusha. Kimya. Lenzi ilitoka vizuri, lakini telekonveta ilikuwa imeshikamana na kamera kama kupe. Lenzi ndogo nayo haikuweza kukaa juu yake, kwa kuwa kioo cha mbele cha telekonveta kimetokeza nje kama midomo ya mtu aliyekatizwa maneno, na vioo vingegongana.

"Jakom," nikasema, "tunaweza kutumia simu."

"Simu tunazo wenyewe," akasema jakom.

Nikarudisha ile lenzi kubwa. Upana mdogo kabisa niliokuwa nao ulikuwa milimita 140. Nikiwa umbali wa kawaida niliona pua ya shemeji. Nikarudi hatua kumi, nikaona uso wa shemeji. Nikarudi ishirini: shemeji, jeneza, na nusu ya shangazi. Nikapita jiko, nikapita choo, nikapita ng'ombe aliyefungwa, akanitazama kwa huruma. Hapo ndipo dani alipopiga kelele.

Kijana wa bodaboda akanifuata, nadhani kwa nia ya kunikamata, nikamfanya mjumbe. "Omera, waambie wa nyuma wainue vichwa!" Akakimbia. Sijui alifikisha nini, ila safu nzima ya nyuma iliondoka ikaenda kukaa. Ikabidi arudi tena. Mimi wakati huo visigino vilikuwa vimeshaingia kwenye mtaro, majani ya miwa yananikata shingo, nazungusha pete ya kulenga mbele, nyuma, mbele, na mita hamsini kutoka kwangu ninaona midomo ikisogea bila kusikia ninavyotukanwa. Nikapiga tatu. Katika ya tatu nilianguka.

Masaibu yake mengine ni madogo. Niliwahi kuibeba telekonveta hiyo hadi Ruma, bonde la Lambwe, mahali pekee nchini Kenya ambako swala aitwaye korongo bado anaishi porini. Nilirudi na picha ya gunia la rangi ya kahawia na uvimbe wa mbung'o mahali patatu. Mechi ya saa kumi na mbili jioni sitaisimulia.

Jumatatu nilimpelekea telekonveta fundi wa redio mjini. Akaizungusha, akaipulizia, akashauri niitie kwenye mchele. Iko kwenye mchele, pamoja na kamera. Mke wangu ameuliza ni kitu gani hicho kwenye mchele, na mazungumzo yakahamia kwenye chama.

Jana jakom alipiga simu kuhusu sherehe ya kuweka msalaba. Alitaka kujua kama safari hii nitapiga picha nikiwa Rongo au nikiwa Migori.

Picha ya pili, hata hivyo, ilitoka. Juani f/8 ilitosha. Kwa sababu ya umbali ule kilima cha mbali kimevutwa hadi mgongoni kwao, miwa imewakaribia pande zote kama ukoo wa pili, na jeneza liko katikati, zima. Hakuna hata mmoja anayeangalia kamera, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Watu 24 wamesimama, viganja juu ya macho, wote wananitafuta. Dani amenyoosha kidole.

Ameagiza ichapishwe kubwa, itiwe fremu. Salio bado.